Bashrafu ya Watu 14

Kutoka 27 hadi 14. Hesabu hiyo ndiyo imenirudisha kwenye Mzuka wa Opera, mchezo ambao nilidhani nimekwisha kuusemea yote. Ulipofunguliwa tena London tarehe 27 Julai 2021, baada ya miezi 16 ya milango kufungwa kwa sababu ya korona, shimo la wapiga ala lililo mbele ya jukwaa lilikuwa limepoteza karibu nusu ya watu wake. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kilipinga, lakini mtayarishaji Cameron Mackintosh hakurudi nyuma. Ule ulikuwa uamuzi mbovu, mbovu kabisa, na miaka iliyopita tangu hapo haijaupunguzia ubovu wake.

Tuanze na bashrafu, ule muziki wa ala unaofungua mchezo, maana jeraha liko hapo. Mnakumbuka jukwaa linavyofunguka: mnada, vumbi, mashuka yaliyofunika kila kitu, mzee Raoul kwenye kiti cha magurudumu akinunua kile kisanduku cha muziki chenye kima wa matoazi. Dalali anafika kwenye fungu namba 666, thurea iliyovunjika, iliyoungwaungwa na kutiwa nyaya za umeme. Mwanga unalipuka. Kinanda cha mabomba kinaunguruma. Thurea inanyanyuka kutoka jukwaani, inapaa juu ya vichwa vya watazamaji, mashuka yanavutwa, dhahabu inaonekana, na miaka inarudi nyuma mbele ya macho yetu. Katika muda wote huo hakuna anayesema neno wala anayeimba. Kazi ya kututoa kwenye uzee na kuturudisha kwenye ujana wa jumba lile wameachiwa wapiga ala peke yao.

Sasa itazameni tuni yenyewe. Ni sauti tano zinazoteremka nusu toni kwa nusu toni, kisha zinapanda njia ileile. Mtoto aliyejifunza kinanda wiki mbili anaipiga. Mtunzi, Andrew Lloyd Webber, alijua kwamba tuni ile haina kitu ikisimama peke yake, ndiyo maana yeye na David Cullen waliipangia ala kama walivyoipangia: tromboni na honi zinaisukuma kutoka chini, chelo na besi zinatia uzito, fidla zinazunguka juu kama upepo unaoingia kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu. Kinachotisha pale ni uzito. Mtu akipunguza uzito, anabakiwa na zile sauti tano za mtoto wa wiki mbili, na thurea inayopanda juu yake inaonekana kama mashine tu.

Watetezi wa uamuzi ule husema mtazamaji wa kawaida hatasikia tofauti, kwa kuwa siku hizi kila ala ina maikrofoni na spika zinaongeza sauti. Mtazamaji wa kawaida ni mimi. Nakata tiketi yangu, sisomi noti, nakwenda kustarehe. Na nasema tofauti inasikika, kwa sababu sauti kubwa na sauti nene ni vitu viwili. Fidla moja ikipiga tuni unamsikia mtu mmoja. Mbili zikipiga pamoja zinagombana, kwa kuwa vidole vya watu wawili havitui mahali pamoja kwa usahihi uleule, na sikio linaushika ule ugomvi. Zikiongezeka, sita, saba, zile tofauti ndogondogo zinayeyukiana, na sikio linaacha kuhesabu watu, linasikia kitambaa kimoja kikitandazwa. Hicho kitambaa hakitengenezwi na spika. Spika inachukua fidla mbili zinazogombana na kuukuza ugomvi wao.

Wasomaji wangu wa zamani wanajua donda hili ni la siku nyingi. Zanzibar tulikuwa na firqa, makundi makubwa ya taarabu. Ikhwani Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na walipofika kwenye enzi yao ya kuufuata mtindo wa Misri, ungekuta safu ya fidla, kanuni, udi, nai, akordioni, chelo na besi, na usiku ukifunguliwa kwa bashrafu kabla mwimbaji hajasogea. Watu walinyamaza kwa bashrafu. Kisha miaka ya tisini kikaja kinanda cha umeme na taarabu ya kisasa, na safu ile ikaanza kuonekana ni gharama. Sitaisahau harusi moja ya Ng'ambo. Kijana wa kinanda alibonyeza kitufe, ikatoka kwenye spika moja sauti ya fidla ishirini ambazo hazipumui, zote zikianza pamoja na kukatika pamoja kama bomba lililofungwa. Mpiga fidla mmoja mzee, ambaye miaka kumi kabla angekuwa jukwaani, alikuwa amekaa mkekani na wageni wengine, sahani ya biriani mbele yake. Alipoisikia ile sauti aliinua kichwa, akatazama upande wa spika, halafu akaendelea kula. Toka siku ile nikiambiwa kinanda kimeziba pengo, namwona mzee yule.

Kwa haki nieleze hili pia: wimbo wenye jina la mchezo, ule wa safari ya mashua na mishumaa inayochomoza kutoka ziwani, tangu 1986 ulitegemea ngoma za mashine na sauti za umeme. Uliandikwa hivyo, na haukuumia sana. Kilichoumia ni kila kitu kinachouzunguka. Mazoezi ya opera ya Hannibal, kwa mfano, na ule wimbo wa kundi unaomsifu mwimbaji nyota Carlotta. Pale mtunzi anaiga opera kubwa za Paris za karne ya 19, zile za kina Meyerbeer, zenye kelele, fahari na tembo jukwaani. Mwigo huo unakubalika tu pale ambapo masikio yanaamini kwamba tumo ndani ya jumba la opera lenye okestra ya jumba la opera. Zaidi ya hapo, mfumo mzima wa hadithi umesimama juu ya hilo: kuna muziki wa juu, wa dhahabu na taa, na kuna muziki wa chini, wa mtu aliyejificha gizani. Wa juu ukikonda, wa chini hauna cha kupambana nacho.

Na hadithi yenyewe imewahukumu waliopunguza. Firmin na André, wale mameneja wapya, walipata fedha zao kwenye biashara ya vyuma chakavu, na kila barua ya Mzuka wanaisoma kwa jicho la mwenye duka. Barua mojawapo, mtakumbuka, inazungumzia okestra. Mzuka analalamika kwamba mpiga tromboni wa tatu hasikii, aondolewe. Lakini hasemi kiti kibaki kitupu. Anataka aletwe mwingine anayepiga kwa sauti iliyo sawa. Hata yule muuaji, mwenye kudai mshahara wa faranga 20,000 kila mwezi, anajua kwamba tromboni mbaya dawa yake ni tromboni nzuri. Maneno hayo yanaimbwa kila usiku juu ya shimo lililopunguzwa, na sielewi waliopunguza wanayasikiaje.

Nilikuwa London mwaka 2019, kwa dada yangu, nikapata kiti cha bei ya chini pembeni kule juu, kiti kinachokunyima kona nzima ya jukwaa lakini kinakupa shimo. Nusu ya usiku nilitazama chini. Nilimwona mpiga honi akiigeuza ala yake na kuyamwaga maji yake sakafuni, taratibu, kama mtu anayemwaga chai iliyobaki kikombeni, kisha akairudisha mdomoni pumzi moja tu kabla hajahitajika. Niliziona pinde za fidla zikipanda na kushuka pamoja, na mwanamke mmoja, mapumziko yalipofika, akifuta unga wa ulimbo kwenye fidla yake kwa kitambaa cha njano, akakikunja pembe nne, akakiweka chini ya kiti. Jukwaani mtu alikuwa akipendwa na mwingine akilia, nami nilijua yule mwanamke ni sehemu ya mapenzi yale na kilio kile. Sijui kama kiti chake kimo kati ya vile 14.

Hoja ya gharama naijua. Majumba yalikaa kimya mwaka na zaidi, mishahara ilikatika, na hakuna aliyekuwa na hakika kama watazamaji watarudi. Lakini tazameni ng'ambo ya Atlantiki. New York nayo ilifungwa na korona ileile, na wanamuziki wake walikwisha kuumwa zamani: Machi 2003 waligoma siku nne, na mgomo ulipomalizika, idadi ya chini ya wapigaji kwenye majumba makubwa ya Broadway ilishuka kutoka 24 na 26 hadi 18 na 19. Mzuka wa jumba la Majestic ungeweza kujificha nyuma ya idadi hiyo ya chini. Haukufanya hivyo. Uliporudi Oktoba 2021 ulirudi na watu 27, na ulipofungwa tarehe 16 Aprili 2023, onyesho la 13,981, walikuwa 27. Mchezo uleule, mtayarishaji yuleyule. Mji mmoja ulipata kitambaa, mwingine ukapata kiraka.

Halafu kuna suala la waliokuwa na haki ya kusema. Harold Prince, aliyeuongoza mchezo huu na kuujaza giza ili macho yetu yamalizie kile ambacho hakikujengwa, alifariki Julai 2019. Gillian Lynne aliyeupanga mwendo wa miili alifariki 2018. Maria Björnson, aliyebuni thurea, ngazi ya Maskaredi na yale mapazia mazito, alitutoka 2002. Watu hawa walifanya kazi pamoja kwa karibu kiasi kwamba thurea ya Björnson ilipimwa kwa muziki, na giza la Prince lilihitaji muziki ulijaze. Mtunzi yu hai, na mwaka huohuo wa 2021 alitoa santuri ya muziki wake, Mzuka ukiwemo, iliyopigwa na okestra ya watu wapatao 80 kwenye ukumbi wa Drury Lane, mwendo mfupi kwa miguu kutoka jumba la Mzuka. Kwa santuri walipatikana 80. Kwa watu walionunua tiketi walipatikana 14.

Wala si mara ya kwanza mchezo kupunguzwa hivi. Mwaka 2019 London ilipoteza jukwaa la mzunguko la Les Misérables, lile la John Napier, ambalo lilimfanya Valjean atembee miaka bila kuondoka mahali pake. Nililia nalo wakati ule kwenye ukurasa huu na baadhi yenu mkaniambia nimezidisha, kwamba picha za ukutani zinatosha. Leo nawauliza: ile ilikuwa mara ya mwisho?

Waimbaji wa 2021 hawana kosa. Killian Donnelly alikuwa Mzuka mwenye koo zito, na Lucy St. Louis, mwanamke wa kwanza mweusi kumwigiza mhusika mkuu Christine katika majumba ya West End, aliimba kwa uwazi. Lakini msikilizeni Michael Crawford kwenye santuri ya 1987, namna anavyoshusha sauti mpaka karibu mnong'ono kwenye Muziki wa Usiku. Aliweza kunong'ona vile kwa sababu chini yake kulikuwa na fidla nyingi zinazopiga kwa ulaini mkubwa. Fidla nyingi zikipiga polepole zinambeba mwimbaji. Chache zikipiga polepole zinatetemeka, na mwimbaji analazimika kuongeza sauti ili asionekane uchi. Kwa hiyo hasara ya shimoni inapanda jukwaani, ingawa aliye jukwaani hakuitaka.

Nitaulizwa kama nachukia makundi madogo. Hata kidogo. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 na wapigaji wachache, na walichokirekodi kule bado kinatutoa machozi. Kidumbaki chetu kina fidla moja, sanduku la besi, vidumbaki viwili, cherewa na mkwasa, na kinainua uwanja mzima mpaka alfajiri. Ila kidumbaki hakijapunguzwa, kimezaliwa hivyo. Kila ala mle ina nafasi yake na hakuna pengo linalozibwa. Mzuka ulizaliwa na watu 27, na aliyeuandikia watu 27 aliandika mapengo na makutano ya watu 27.

Kama fedha za kuwarudisha wote 13 hazipo, basi waanze na fidla. Warudishe nne kwa mkupuo, halafu honi, maana bashrafu bila honi za kutosha haina kifua. Tromboni ifuate. Vinanda vibaki pale tu vilipoandikwa tangu 1986, kama kwenye safari ya ziwani, na kwingineko vinyamaze.