Ufinyu wa Nafasi na Majibizano ya Maandishi

Wako wasemao kwamba majibizano yaliharibika tangu watu walipopimiwa herufi. Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilifuata ujumbe wa simu, wenye herufi 160. Ishirini zikaachiwa jina la mwandishi, zikabaki 140. Mwezi Novemba 2017 kipimo kikawa 280, isipokuwa kwa Kichina, Kijapani na Kikorea, lugha ambazo alama moja yao hubeba mengi.

Lawama hiyo yafaa ipimwe kwa mizani ya Waswahili wenyewe. Ubeti wa shairi lililozoeleka una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16. Jumla yake 64. Silabi nyingi za Kiswahili ni za herufi mbili, basi ubeti mzima hukaribia herufi 128, nafasi zilizo baina ya maneno zisipohesabiwa. Katika uwanja mdogo kama huo Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu katika karne ya 19, wakati miji yao ilipokuwa vitani.

Ufupi peke yake, basi, si mkosaji. Ajibuye shairi alitazamiwa kufuata mizani ya mwenziwe, na mara nyingi hata vina vyake, kazi isiyowezekana pasi na kulisoma lote. Ajibuye leo hadaiwi chochote. Hukata kipande kimoja, akakijibu hicho, yaliyobaki asiyatazame.

Tena na achunguze msomaji ni maneno gani yatupwayo kwanza mtu akibanwa. Kuandika “cjui” badala ya sijui ni jambo dogo, ijapokuwa wapenda lugha hulipigia kelele kuliko yote. Kubwa ni kutoweka kwa “huenda”, “labda” na “isipokuwa”. Hoja iliyonyang'anywa “huenda” yake husomwa kama hukumu, na mwenye kuhukumiwa hujibu kwa ukali.

La ajabu ni kwamba Kiswahili kina dawa yake. “Hata kama akija” ni herufi 13. “Ajapokuja” ni 9 tu, na maana haikupungua. Washairi wa zamani waliitumia sana -japo-. Waandishi wa leo, waliao kwa kukosa nafasi, wameiacha, na pamoja nayo wameacha kumkubalia mpinzani hata nusu ya neno lake.