Mwani Upimwe kwa Mizani

Kichujio cha mwani kilichotengenezwa nyumbani ni rahisi kusifiwa bila sababu. Taa nyekundu inawaka, maji yanateremka juu ya wavu kwa sauti tamu, sanduku limenyooka, na mwenye tangi anaona fahari. Mjuzi haangalii hivyo. Anauliza jambo moja tu: wiki hii mmevuna mwani gramu ngapi? Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian, Washington, aliyepata hataza ya kichujio cha namna hii mwaka 1982, alijenga juu ya wazo hilohilo: mwani unakula mbolea iliyomo majini, nawe unaukwangua na kuutupa nje. Usipoukwangua, mbolea bado iko tangini, imebadilisha sura tu.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Chukua tangi dogo ambalo samaki wake wanakula gramu 10 kwa wiki za chakula chenye protini asilimia 30. Hapo kuna gramu 3 za protini, na kwa kuwa naitrojeni ni kama asilimia 16 ya protini, umetia majini karibu nusu gramu ya naitrojeni. Theluthi hivi inabaki mwilini mwa samaki. Iliyosalia inatoka kama amonia, hasa kupitia matamvua. Bakteria wataigeuza kuwa naitraiti, kisha naitrati, na chujio la kawaida la sponji kazi yake inaishia hapo: sumu imepungua, mbolea imebaki. Mwani mkavu una naitrojeni kama asilimia 4, kwa hiyo kuondoa masalio hayo kunataka mwani mkavu gramu 8, au takribani gramu 80 ukiwa umekamuliwa tu. Wavu wa sentimita 20 kwa 20, ukiota pande zote mbili na kutoa gramu 15 za mwani mkavu kwa kila mita mraba kwa siku, unafikia kiasi hicho bila ziada. Ukikuta wavu wa ukubwa huo umefungwa kwenye tangi la samaki wanaolishwa mara tatu kwa siku, hilo ni pambo.

Ubora wa wavu vidole huujua kabla ya macho. Wavu wa plastiki ngumu uliokwaruzwa kwa msumeno wa chuma, kwenda na kurudi, pande zote mbili, unapaswa kukwangua ngozi kama jani la msasa. Ulio laini hushika mwani siku tatu nne, kisha fungu zima linang'oka na kuziba pampu. Wavu wa kuku usiuguse hata ukipewa bure: chuma chake kimepakwa zinki, nayo zinki huua samaki polepole. Kuhusu mtiririko, kanuni ya wazoefu ni karibu lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, yaani lita 1,000 kwa wavu wetu. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pampu, maana hiyo hupimwa bila kupandisha maji. Weka jerikeni ya lita 20 chini ya bomba, pale juu wavu unapoanzia, uhesabu: ikijaa kwa sekunde 72, mtiririko unatosha. Ikifika dakika mbili, mwani utaota mabaka. Rangi nayo inasema, ila baada ya wiki chache, kwani mwanzo kila wavu ni kahawia. Kijani cha nywele ndefu ni kizuri, weusi wa mafuta ni upungufu wa mwanga, na njano inayovutika kama mpira ni mwanga uliozidi chakula.

Wapo watakaosema: badilisha maji tu, yaishe. Mjini Arua, hapa Uganda, mwenye bomba nyumbani anaweza kusema hivyo. Kule Ludara, wilayani Koboko, anayechota maji kisimani, kila jerikeni anayomwaga inamrudisha kwenye foleni, na kiangazi cha Desemba hadi Februari hakimhurumii. Nakubali kwamba kichujio hakifuti ubadilishaji wa maji moja kwa moja, kwani chumvi hubaki maji yanapokauka. Kinapunguza safari, na hilo si dogo.

Pingamizi zito ni umeme. Pampu ikizimika adhuhuri, wavu unakauka kwa saa chache na mwani unakufa. Lakini Koboko ni karibu na ikweta, mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na paneli ndogo ya sola inasukuma maji wakati uleule jua linapomulika wavu. Maji na mwanga vinakuja pamoja na kuondoka pamoja. Ubaya uko usiku: mwani nao unapumua, oksijeni inapungua, na alfajiri samaki wanahema juu. Kwa hiyo chombo kizuri kina pampu ndogo ya hewa yenye betri, na ncha ya chini ya wavu inabaki majini. Kabla ya kumlipa fundi, zima pampu mbele yake. Maji yakirudi nyuma kwa bomba na kufurika sakafuni, mrudishie kazi yake.

Kuna kishawishi cha kuwalisha samaki mavuno hayo, na kina msingi. Mtafiti Moriarty alionyesha mwaka 1973 kwamba ngege wa Ziwa George, hapahapa Uganda, wanayeyusha mwani wa buluu-kijani kwa asidi kali ya tumbo. Lakini ukiwapa samaki wa tangi lilelile, theluthi mbili ya naitrojeni inarudi majini kesho yake. Mwani upelekwe kwenye tuta la dodo, yaani mchicha, baada ya kukamuliwa kwa nguvu ileile kila wiki na kuwekwa kwenye mizani, na namba iandikwe ubavuni mwa tangi kwa kalamu isiyofutika.