Uhusika Kinzani wa Stanwyck na MacMurray: Nani Hasa Anayebadilika?

Barbara Stanwyck na Fred MacMurray waliigiza pamoja katika filamu nne. Mbili za mwanzo, Remember the Night (1940) ya Mitchell Leisen na Double Indemnity (1944) ya Billy Wilder, zinaonekana kukinzana kabisa. Katika ya kwanza, Stanwyck ni Lee, mwizi wa bangili anayeamsha huruma. Katika ya pili ni Phyllis, mke anayepanga kifo cha mumewe ili alipwe fedha za bima. MacMurray naye ni mwendesha mashtaka kwanza, kisha wakala wa bima anayeua. Usomaji huo si wa makosa, ila unaishia juujuu.

Uhusika wa MacMurray, kwa hakika, haubadiliki sana. John Sargent amekabidhiwa sheria. Walter Neff amekabidhiwa maslahi ya kampuni. Kila mmoja anaisaliti amana yake kwa ajili ya mwanamke. Baada ya kumpeleka mshtakiwa nyumbani kwa mama yake huko Indiana wakati wa Krismasi, Sargent anarudi mahakamani na kumhoji kwa ukali wa makusudi, ili wazee wa baraza wamwonee huruma na kumwachia. Huo ni udanganyifu, ijapokuwa hadhira inatamani ufaulu. Anayeuzuia ni Lee mwenyewe: anakiri kosa, akiridhia kifungo kuliko kumwona mpenzi wake akiharibikiwa kazi. Neff hana wa kumzuia namna hiyo.

Kwa hiyo, tofauti ya kimaadili baina ya filamu hizi inabebwa na Stanwyck zaidi. Wilder alimvika nywele za bandia za rangi ya dhahabu, zenye kung'aa kupita kiasi, kana kwamba alikusudia kumfukia Lee. Hakufaulu kabisa. Karibu na mwisho, Phyllis anampiga Neff risasi moja, kisha anashindwa kupiga ya pili. Neff haamini maneno yake ya mapenzi, anamuua. Asiyeiona filamu ya 1940 anaweza kukuchukulia kusita huko kuwa udhaifu wa muswada. Aliyeiona anamtambua anayesita.

Katika There's Always Tomorrow (1956) ya Douglas Sirk, MacMurray yu tayari kuiacha familia yake. Anayekataa, kwa mara nyingine, ni Stanwyck: anapanda ndege kurejea New York, na mwanamume anabaki dirishani akiitazama ikipita angani.