Jinsi M-Pesa Ilivyowapata Mawakala Wake

Huduma ya kutuma pesa kwa simu haisimami bila watu wa kupokea noti na kutoa noti. Safaricom ilipozindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, haikuwa na matawi ya kufanyia kazi hiyo, wala haikukusudia kuyajenga. Ilihitaji wafanyabiashara wengine watoe mtaji wao, walipe kodi ya chumba na kukaa kaunta kutwa nzima kwa ajili ya biashara ambayo majirani zao hawajawahi kuiona. Menyu iliyowekwa ndani ya laini ya simu ingeweza kuigwa na kampuni yoyote ya simu. Mtandao wa mawakala ulikuwa kazi ngumu zaidi, na ndio unaostahili kuchambuliwa.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 kwa maduka manane tu ya Nairobi na Thika, yakihudumia wateja wapatao 500 wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Hapo ndipo ilipoonekana wakala anafanya kazi gani hasa. Ana pesa za aina mbili: noti zilizo kwenye droo, na salio lililo kwenye simu, yaani floti. Mteja akiweka shilingi 1,000, droo inaongezeka na floti inapungua kwa kiasi hicho hicho. Akitoa, mambo yanageuka. Jumla ya mtaji haibadiliki, ila makazi yake yanahama kutwa. Wakala aliyeishiwa upande mmoja hana budi kumrudisha mteja, na mteja aliyerudishwa mara mbili haji tena. Huduma ilipoenea, kwa kuwa pesa nyingi zilitoka mijini kwenda vijijini, wakala wa Nairobi aliishiwa floti na mwenzake wa kijijini aliishiwa noti, huku benki ikiwa mwendo wa matatu mpaka mjini.

Kazi ya namna hiyo ilimtaka mtu mwenye mtaji unaozunguka, na mwenye duka linalofunguliwa kila siku hata pasipo M-Pesa. Watu hao Safaricom ilikuwa nao tayari: wauzaji wa jumla wa vocha. Walishazoea kulipa kwanza na kuuza baadaye, walikuwa na akaunti za benki, na gari la kampuni lilijua njia ya kuwafikia. Wakaongezwa wenye vituo vya mafuta na maduka makubwa. Fursa ilipelekwa kwanza kwa walio na biashara mkononi, na wenye ndoto ya biashara wakafuata.

Masharti yalikuwa makali. Mwombaji alitakiwa awe kampuni iliyosajiliwa, iliyofanya biashara kwa muda usiopungua miezi sita, yenye maduka yasiyopungua matatu, na aweke floti ya Sh 100,000 za Kenya kwa kila duka. Kwa mwenye kibanda kimoja, mlango ulionekana kufungwa. Kwa Safaricom, sharti la maduka matatu lilikuwa na faida ya wazi: lilipunguza idadi ya watu wa kuingia nao mkataba, na lilimpa mwenye maduka ya mjini na ya shamba sababu ya kuhamisha pesa mwenyewe kutoka duka moja kwenda jingine.

Uzinduzi ulifanyika na maduka takriban 750, yaliyofika makao makuu ya wilaya zote 69 za wakati huo. Uamuzi huo wa kuanza nchi nzima kwa mpigo ulikuwa sahihi. Mtu wa Nairobi anayetaka kumtumia mama yake pesa hana haja na mawakala kumi mtaani kwake kama hakuna hata mmoja karibu na mama.

Malipo ndiyo yaliyowashika mawakala. Mteja aliweka pesa bure, na kutoa kiasi kisichozidi Sh 2,500 kulimgharimu Sh 25. Hata hivyo wakala alipata kamisheni pande zote mbili, kwa kuweka na kwa kutoa, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumkunjia uso mteja anayeleta noti. Alilipwa pia kwa kumsajili mteja mpya, lakini sehemu ya malipo hayo ilisubiri mpaka mteja aweke pesa kwa mara ya kwanza. Hila hiyo ndogo iliwazuia mawakala wenye tamaa kusajili majina yasiyo na watu.

Matangazo kwa mawakala wapya yalifanywa na ukuta. Kila duka lilipakwa rangi ya kijani ile ile, likawekwa namba ya wakala, chati ya ada na daftari ambamo kila muamala uliandikwa: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, saini. Kampuni ya nje, Top Image, ilipewa kazi ya kufundisha wahudumu na kuyatembelea maduka kuyakagua. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara aliona foleni, akahesabu watu, akauliza. Asiyetimiza masharti aliingia chini ya mwenye mkataba na kugawana naye kamisheni. Baadaye mpango huo ukarasimishwa kupitia mawakala wakuu, huku benki zikichukua kazi ya kubadilisha noti kuwa floti. Kufikia mwanzoni mwa 2010 kulikuwa na maduka karibu 17,000 na wateja wapatao milioni 9, yaani zaidi ya wateja 500 kwa kila duka. Uwiano huo ulimwachia wakala chakula.

Mbegu hiyo hiyo haikuota vivyo hivyo Tanzania. Vodacom ilizindua M-Pesa Aprili 2008, na baada ya miezi 14 ilikuwa na watumiaji takriban 280,000 na mawakala 930. Kenya katika umri huo ilikuwa na milioni 2.7 na karibu mawakala 3,000. Tanzania ni kubwa zaidi, na Vodacom haikuwa na ukuu wa soko kama wa Safaricom. Mambo yalichangamka pale kazi ya kutafuta na kulea mawakala ilipokabidhiwa kwa mawakala wakuu na watu wa kutembea mitaani.

Mwaka 2009, Serikali ya Tanzania iliifunga DECI, upatu uliokusanya fedha za maelfu kwa ahadi ya kuvuna. Nao, kama M-Pesa, uliwafikia watu kwa mdomo wa jirani. Tofauti iko kwenye chanzo cha pesa: wakala wa M-Pesa hulipwa kutokana na muamala wa mteja, na hata wakala mkuu hupata fungu lake muamala huo ukifanyika, wakati mwanachama wa upatu hulipwa kwa pesa ya anayeingia nyuma yake.

Mkataba wa Kenya ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulimkataza wakala kuhudumia mtandao mwingine, ingawa duka, mtaji na hatari ya kuibiwa vilikuwa vyake. Sharti hilo liliondolewa Julai 2014 kwa shinikizo la Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.