Mkono wa Aliyefunga Kifurushi

Kwenye seva ya Debian, amri ni moja tu: apt install postgresql. Mistari inapita kwenye skrini, na ikikoma, hifadhidata iko kazini. Wengi hawaisomi. Mimi hupenda kuirudia polepole, kwa sababu kila mstari ni uamuzi ambao fundi fulani aliufikiria kwa niaba yetu.

Kinaundwa kitambulisho cha mtumiaji aitwaye postgres, ambaye kazi yake ni kumiliki data, basi. PostgreSQL hukataa katakata kuendeshwa na root, mwenye mamlaka yote, ili anayepenya kwenye hifadhidata asijikute ameshika kompyuta nzima. Folda ya data inawekwa chini ya /var/lib/postgresql kwa ruhusa za 0700, yaani mwenyewe tu ndiye aingiaye. Mafaili ya mipangilio yanakaa kwingine, chini ya /etc, katika folda yenye namba ya toleo.

Namba hiyo ndiyo inayonifanya nimvulie kofia fundi huyu. Data iliyoandikwa na toleo la 15 haisomeki na la 16. Kifurushi kilichofungwa kizembe kingefuta programu ya zamani pale tu mpya inapoingia, na mwenye mfumo angebaki na diski iliyojaa kumbukumbu za wateja asizoweza kuzifungua. Martin Pitt, aliyeandika kifurushi cha postgresql-common kwa ajili ya Debian, aliyawezesha matoleo kuishi pamoja kwenye mashine moja: la kwanza linashika poti 5432, linalofuata 5433, kila moja na data yake na mipangilio yake. Siku ukiwa tayari, amri ya pg_upgradecluster inahamisha data, kisha inalipatia toleo jipya poti ileile ya zamani, ili programu zinazoitegemea hifadhidata ziendelee kubisha mlango zinaoujua. La zamani halifutwi. Linazimwa na kusubiri uamuzi wako.

Na seva yenyewe, ikiwashwa mara ya kwanza, inasikiliza maombi ya kompyuta hiyohiyo peke yake. Anayetaka kuifikia kutoka nje sharti ahariri postgresql.conf na pg_hba.conf kwa mkono wake. Nimesikia watu wakiulalamikia usumbufu huo. Kwangu ni adabu ya kazi. Ndani ya mashine, kinyume chake, postgres haulizwi hata nywila: seva inaiuliza kernel, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ni nani anayebisha, na jibu hilo linatosha.

Uangalifu huo unafika hadi kwenye kuondoa. Ukitumia apt remove, programu inakwenda, data inabaki mahali pake. Hata ukiandika purge, amri ya kusafisha kila kitu, kifurushi kinasimama kwanza na kukuuliza kama kweli unataka folda za data zifutwe.