Hongera, Wakala wa Kisiwani

Sisi wa Rubya pesa ikihitajika tunapanda bodaboda. Ndugu zetu wa Bumbire na Goziba, wilaya hiihii ya Muleba, wamezungukwa na maji. Zamani mauzo ya dagaa yalivuka ziwa yakiwa yamefungwa kiunoni, mwenyewe akimwomba Mungu amwepushe na upepo na majambazi. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kibanda chenye daftari na simu kikaanza kugeuka benki.

Pongezi zangu ni kwa mwenye kibanda. Floti, yaani fedha ya kuhudumia wateja, huitafuta mwenyewe. Bibi asiyejua kusoma humsomea ujumbe kwa sauti ya chini, asimwaibishe mbele za watu. Na hana haraka. Kama kwetu, ambako mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, salamu hutangulia, habari za watoto hufuata, ndipo muamala. (Namba ya siri, bibi, usimtajie hata yeye!)

Vijana wenye programu mpya za fedha za simu waanzie kibandani hapo. Na halmashauri, katika ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayokopeshwa vijana, imkumbuke wakala kijana: floti yake ikikauka asubuhi, kisiwa kinasubiri boti.