Udongo wa Toulouse

Ukisimama chini ya mnara wa kengele wa kanisa la Saint-Sernin, mjini Toulouse, kusini mwa Ufaransa, hesabu tabaka zake. Ziko tano, na kila iliyo juu imejivuta ndani kidogo. Madirisha ya tatu za chini yana matao ya mviringo. Ya mbili za juu, zilizoongezwa karne ya 13, yana vichwa vya pembetatu, kama paa za vibanda. Mpita njia huona pambo. Mimi naona mwashi aliyechoka kulilazimisha tofali.

Tofali limenyooka. Ukilitaka lipinde tao, utangulize kiunzi cha mbao, kisha uyapange matofali moja moja, chokaa ikinenepa kwa nje na kukonda kwa ndani, hadi pande mbili zikutane kileleni. Waashi wa kwanza waliyavumilia hayo. Waliowafuata wakaegemeza mistari miwili iliyonyooka, basi. Mnara wa watawa wa Jacobins, papo hapo mjini, ukaiga.

Na kwa nini tofali? Bonde la mto Garonne lina udongo tele na mawe haba. Jiwe lilikuwa ghali, hivyo likatumiwa kwa mkono wa birika: pembeni, kwenye nguzo, kuzunguka madirisha. Kwingine ni tofali pana, jembamba, urithi wa Warumi, lenye wekundu unaobadilika na jua.

Ukubwa wa kanisa waliudai mahujaji. Askofu Saturnin, ndiye Sernin wa jina la kanisa, aliuawa yapata mwaka 250, akikokotwa na fahali, na kaburi lake likavuta watu. Baadaye wakaongezeka waliokuwa njiani kwenda Santiago de Compostela, Hispania. Ujenzi ulianza karibu mwaka 1080, na Papa Urbano II akalitabaruku kanisa mwaka 1096. Altare ya marumaru ya wakati huo ingalipo, na Bernard Gilduin, aliyeichonga, hakuona haya kuandika jina lake.

Ndani, ushoroba unazunguka kanisa zima hadi nyuma ya altare. Umati uliyafikia masalia ya watakatifu bila kuwakatiza mapadri sala. Dari ya tao, yenye kimo cha mita 21 hivi, inasukuma kuta zitanuke. Roshani za pembeni, kila moja na nusu tao lake, zinausukuma mzigo urudi. Kwa nje halionekani tao lililorushwa hewani kuegemeza ukuta. Hesabu hiyo ilifanywa kwa kamba na jicho.

Karne ya 19 alikuja Viollet-le-Duc, msanifu hodari asiyejua kuacha kitu kilivyo. Alibadilisha paa, akaongeza mawe. Mawe yale yakaanza kumomonyoka mapema, na kwenye miaka ya 1990 mafundi wakapanda kuyaondoa, wakarudisha ukingo wa zamani, tofali juu ya tofali.